MREJESHO: Gitaa la mninga kwa ajili ya maonyesho

Wakuu, asanteni. Niliuliza kama mninga na mpingo vinatosha kutengeneza gitaa zima la nyuzi za chuma, maana kuagiza sprusi (mbao nyepesi ya uso wa gitaa) nje ni bei mbaya na maonyesho yanakaribia.

Mgongo na mbavu nimeweka mninga, mbao isiyosinyaa sana ikikauka. Mpingo nimeutumia kwenye ubao wa vidole tu, pale unapobonyeza nyuzi; ni mzito kiasi cha kuzama majini, sasa aliyeshauri uso wa mpingo, samahani mkuu, sauti itatokea wapi? Sprusi nimeinunua hivyo hivyo, nikairanda hadi milimita 3 hivi. Ndani mataruma (vijiti vya kuimarisha uso) yamekaa kama X, kwani nyuzi zile kwa pamoja zinavuta zaidi ya kilo 70. Besi imejaa! La pili bado liko kwenye kalibu.