Naomba ushauri: naongoza kitengo cha kutafuta fedha, wafadhili wameyumba, nitatuliaje?

Wakuu, habari za jioni. Niko Mtwara mjini, kwenye shirika dogo linalowarudisha darasani wasichana waliojifungua wakiwa shuleni, kazi iliyopata nguvu Serikali iliporuhusu warejee, Novemba 2021. Sehemu kubwa ya bajeti yetu ilikuwa fedha za Marekani. Januari 2025 Rais Trump alisaini amri ya kusitisha misaada kwa siku 90, nasi tukapata barua ya kusimamisha kazi. Mfadhili aliyebaki ni wa Uingereza, na huko wametangaza kushusha misaada kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027.

Kuandika maandiko ya miradi naweza. Shida yangu ni asubuhi nikiingia ofisini, kila mtu ananisoma uso. Simu yangu ikiita, mhasibu anaacha kuandika ananitazama. Usingizi umekata. Bodi inakaa wiki ijayo. Nitulieje, na niwatulizeje wenzangu bila kuwadanganya?

Bibi wa Mikindani
Pole sana mwanangu. Kaa na mhasibu, fungeni mlango. Tenganisheni fedha zenye masharti ya mfadhili na zile zilizo huru. Hizo huru zigawe kwa gharama za mwezi mmoja: mishahara, NSSF, kodi ya pango, umeme. Utapata miezi mliyobakiza. Iwe miwili, iwe mitano, angalau utalala ukiijua. Halafu waambie wenzio namba hiyo hiyo, maana sasa hivi kila mmoja ana yake kichwani, na nyingi ni mbaya kuliko ya kweli.

Mdau Tandahimba
Naunga mkono. Ila dada, usikubali fedha za mradi mmoja zilipe mishahara ya mwingine, hata ukiambiwa "tutarudisha". Mkaguzi akiliona hilo, na huyo Mwingereza mnampoteza.

Mama Nachingwea
Mdogo wangu, huyo Mwingereza umeongea naye kwa mdomo? Mpigie kabla ya bodi. Usianze na kuomba. Muulize uamuzi wa mwakani unafanyika mwezi gani, na kama fungu la warsha mnaweza kulihamishia kwenye nauli na sare za wasichana. Sisi wetu alikubali, tena upesi, kwa sababu tuliwahi kumuuliza. Akikubali, mwombe akuandikie.

Mtu wa Lindi
Bibi, shikamoo. Hapo pa kuwaambia wote napingana kidogo. Bodi isikie kwanza, wafanyakazi siku hiyo hiyo. Na ikifika kupunguza watu, Sheria ya Ajira ya 2004, kifungu cha 38, inataka wapewe taarifa na sababu, na mashauriano yafanyike kabla ya uamuzi. Anayelipwa kwa mwezi ana notisi ya siku 28 isiyopungua, na aliyetimiza mwaka ana kiinua mgongo. Gharama hizo ziingie kwenye ile hesabu, la sivyo miezi yenu ni ya uongo.

Bibi wa Mikindani
Marahaba. Hapo umenizidi, bodi kwanza.

Mdau Tandahimba
Jingine: minada ya korosho ikianza Oktoba huku kwetu pesa ipo. Nendeni kwenye mikutano ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, mapema, mkiwa na mzazi ambaye binti yake karudi shule. Haitaziba pengo la Marekani, tusidanganyane. Inaweza kulipa sare za kata moja, na kwa hao wasichana hilo ni kubwa.

Mleta uzi
Asanteni sana, nimesoma kila jibu. Mhasibu nimeshamwandikia, tunakaa kesho saa mbili. Mtu wa Lindi, kiinua mgongo kinapigwaje?

Mtu wa Lindi
Mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, mwisho miaka 10. Anza na mikataba inayoisha karibuni, uitoe yote kwenye faili kabla mhasibu hajafika.