Nitajuaje kama povu lililo chini ya sakafu ya boti ya faiba limenyonya maji?

Swali: Mwenye boti, Pangani

Salaam kwenu mafundi na manahodha. Nimenunua boti ya faiba ya futi 17 iliyofanya kazi ya uvuvi kwa zaidi ya miaka 20, na sasa imepandishwa pwani ikisubiri ukarabati. Chini ya sakafu yake kumejazwa lile povu gumu la manjano linaloizuia boti kuzama inapojaa maji. Sakafu yenyewe ni nzima na haibonyei inapokanyagwa, hivyo fundi wa hapa ananishauri nipige rangi, nifunge injini na nirudi baharini. Kinachonitia shaka ni kwamba tulihitaji watu 12 kuipandisha, ilhali aliyeniuzia anasema zamani 8 walitosha, na kwamba leo ni siku ya tisa tangu nilipofungua kizibo cha nyuma na maji bado yanadondoka. Boti hii itabeba wanangu. Je, naweza kulipima povu bila kung'oa sakafu nzima, na likiwa na maji, linaweza kukaushwa likiwa humohumo?

Jibu: Fundi wa faiba, Mombasa

Ndugu yangu, shaka yako ina msingi, na usiipige boti hiyo rangi kabla hujaona povu kwa macho yako. Uzima wa sakafu hauthibitishi chochote, kwa sababu maji hukaa chini kabisa, kando ya mkuku (uti wa chini wa boti) na karibu na tezi (upande wa nyuma), wakati inchi chache za juu zikiwa kavu kama pamba. Nimewahi kufungua boti ambayo mwenyewe alikuwa ameichungulia kwa tundu la kidole na kuridhika, kumbe nusu ya chini ya povu ilikuwa imelowa chapachapa.

Njia ninayoiamini ni kutoa vipande na kuvipima uzito. Toboa sakafu mahali patatu, yaani karibu na omo (upande wa mbele), katikati, na nyuma kabisa karibu na ubao unaobeba injini, ukitumia msumeno wa mviringo wa drili. Ukishapita sakafu, weka drili kando. Chukua kipande cha bomba jembamba la chuma lenye upana wa ndani wa sentimita 5, kinoe ukingo wake, kisha kizungushe kwa mkono taratibu mpaka uguse faiba ya chini. Ukiendelea na drili unaweza kulitoboa tumbo la boti. Ukisikia harufu ya petroli katika tundu la kwanza, simamisha kazi yote ya umeme mpaka ujue mafuta yametoka wapi.

Povu la aina hiyo, likiwa kavu, kwa kawaida huwa na uzito wa takriban kilo 32 kwa mita moja ya ujazo. Kwa hiyo kipande chenye upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 20 kinapaswa kuwa na gramu 12 au 13 tu, na mizani ya jikoni inatosha kukupa jibu. Gramu zote zinazozidi hapo ni maji. Kipime mara tu kinapotoka, kisha kikate vipande vyembamba, uvianike juani na uvipime tena. Kama maji ni ya bahari, uzito hautarudi mpaka 12, kwa kuwa chumvi hubaki ndani. Usidhani povu lako ni la aina nzito zaidi. Chumvi hiyo inakufaa pia kwa jambo jingine: kamua matone juu ya sahani nyeusi uyaache yakauke. Yakiacha utando mweupe, bahari imeingia, na pasipo utando huenda ni mvua iliyopita kwenye skrubu za sakafu.

Jibu: Nahodha, Bagamoyo

Naunga mkono kutoa vipande, lakini sioni haja ya kung'oa kila kitu. Boti yangu niliitoboa matundu mengi sakafuni, nikaiacha wazi juani miezi miwili ya kaskazi, na ilipata wepesi.

Jibu: Fundi wa faiba, Mombasa

Nahodha, kwa heshima zote, wepesi huo ulitokana na maji yaliyokuwa yamesimama katika nafasi zilizo wazi. Povu hili limeundwa kwa vijumba vidogo vilivyofungwa, na ndiyo maana huchukua miaka kulowa: maji hupenya kidogo kidogo kupitia kuta zilizochakaa na kupasuliwa na mtikisiko wa mawimbi. Ugumu huohuo wa kuingia ndio ugumu wa kutoka. Kipande chembamba hukauka mezani, bali tabaka nene lililofungwa kati ya sakafu na tumbo la boti halikauki, na ubao ulio jirani yake unaendelea kuoza.

Jibu: Mkaguzi wa vyombo vidogo, Dar es Salaam

Niongeze neno kuhusu kile kipima unyevu cha kushika mkononi, maana kuna watakaokushauri uazime. Mimi ninacho na ninakitumia kwenye ubao wa injini na kwenye sakafu yenyewe, lakini hakisomi povu lililo chini zaidi, na chumvi au rangi yenye shaba hukifanya kionyeshe unyevu pasipo na unyevu. Kwa povu, mizani ni shahidi bora. Ukiwa na nafasi, pima boti nzima ulinganishe na uzito uliotajwa na kiwanda.

Mrejesho: Mwenye boti, Pangani

Ahsanteni sana. Nimetoa vipande vitatu kama nilivyoelekezwa. Cha omo kilikuwa na sentimita 18 na gramu 13, cha katikati sentimita 20 na gramu 31, na cha nyuma sentimita 22 na gramu 190. Maji yake yameacha utando mweupe. Sasa naomba kujua kama naweza kutoa povu la nyuma peke yake na kujaza vipande vyeupe vya vifungashio vya televisheni.

Jibu: Fundi wa faiba, Mombasa

Kipande hicho cha nyuma kikavu kingekuwa na gramu 14, kwa hiyo karibu sehemu mbili kwa tano za ujazo wake ni maji. Toa la nyuma lote na la katikati, na uendelee kuelekea omo mpaka ukute povu lisilozidi uzito wake. Likate kwa msumeno na koleo, wala usilichome, kwa sababu moshi wake una sumu inayoua.

Vile vyeupe usivitumie: petroli huviyeyusha, na hata resini (gundi ya faiba) utakayopaka juu yake itavila. Nunua povu la kuchanganya la vimiminika viwili, vaa barakoa ya kuzuia kemikali, na umimine tabaka dogo dogo ukisubiri kila moja lipoe, kwa kuwa linatoa joto kali na likijaa kwa mkupuo linaweza kuinua sakafu. Kabla ya kumimina, laza bomba la plastiki kando ya mkuku kutoka omo hadi kwenye kizibo, ili maji yatakayoingia yapate njia ya kutoka. Na usipunguze ujazo uliokuwapo, kwa sababu kila lita 100 za povu kavu huinua karibu kilo 97 boti inapojaa maji, na umesema wanao watakuwamo.