Kisanduku cha UV, kuchemsha au spiriti: kipi cha kutakasia vifaa vya kucha nyumbani?

Sanyu_Ntinda
Habari zenu. Nataka kununua kitu cha kutakasia vifaa vya kucha hapa nyumbani. Kikuubo, sokoni Kampala, nimeoneshwa kisanduku cha UV (cha taa ya kuua vijidudu) kwa shilingi 130,000 na kile kijungu cha umeme chenye shanga za kioo zinazopashwa moto kwa 95,000. Kuna anayeniambia niachane na vyote, nichemshe tu au nitumie spiriti. Kipi bora? Muuzaji anataka jibu kabla ya Jumamosi.

fundi_makali
Bora kwa vifaa gani, nyabo? Koleo la kukatia ngozi ya ukingo wa kucha, vikata kucha, kisukumio cha chuma, au tupa za msasa na sponji za kung'arishia? Chuma ni cha aina gani? Hujasema pia kama ni vyako peke yako au vinapita kwa watu.

Nesi_Mbale
Hilo la mwisho ndilo la kwanza kujibiwa. Kifaa cha mtu mmoja kinataka usafi tu: sabuni, mswaki, kukausha. Kikihama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, hapo unahitaji kuua viini. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa siku 7 au zaidi kwenye chuma kikavu vikiwa bado vinaambukiza, na damu yenyewe yaweza kuwa kidogo mno usiione kwa macho.

kikapu_Owino
Mnamtisha dada wa watu bure. Spiriti ya duka la dawa, pamba, futa, endelea. Haili chuma, haihitaji umeme, inakauka yenyewe.

Nesi_Mbale
@kikapu_Owino kukauka yenyewe ndiyo kasoro yake, ssebo. Ukifuta kwa pamba inaruka ndani ya sekunde chache kabla haijafanya kazi. Kifaa kioshwe, kikaushwe, kizamishwe chote kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa dakika 10, mdomo wa koleo ukiwa wazi, chombo kikiwa na kifuniko. Mkinunua ya asilimia 96 msidhani kali zaidi ni bora zaidi. Inagandisha protini ya nje ya kijidudu haraka na kuruka kabla haijapenya. Chukua mililita 73 zake, ongeza maji yaliyochemshwa yakapoa hadi ifike 100. Na aliyewahi kupendekeza waragi, ile pombe kali yetu, humu: ile ni asilimia 40 hivi, haitoshi.

kikapu_Owino
Waragi ina kazi yake nyingine 😀

taa_na_waya
Turudi kwenye kisanduku. Mwanga unaoua vijidudu ni ule wa UV wa aina ya UV-C, wenye urefu wa wimbi karibu nanomita 254. Vingi vinavyouzwa vina vitaa vya LED vya zambarau vya nanomita 365 hadi 405, yaani mwanga uleule wa kukaushia jeli, ile rangi ngumu ya kucha. Rangi ya zambarau haithibitishi chochote, soma lebo ya taa yenyewe. Kisanduku cha kweli hujizima mlango ukifunguliwa, maana UV-C huunguza macho. Ukifungua na taa bado inawaka, basi ama si UV-C, ama ni UV-C na ni hatari. Hata kikiwa cha kweli, mwanga haupindi kona. Upande ulioegemea trei haupati kitu, bawaba haipati kitu, na penye mafuta au vumbi la kucha hapapati kitu. Kwangu hicho ni kabati la kutunzia vifaa vilivyokwisha kutakaswa, basi.

Sanyu_Ntinda
Samahani kwa kuchelewa. Nina koleo moja, vikata kucha viwili, kisukumio, tupa za msasa na mashine ndogo ya kusaga jeli yenye vichwa vitano. Ni mimi, mama na wadogo zangu wawili. Na majirani wikendi, wananilipa kidogo.

Nesi_Mbale
Wakilipa ni wateja. Umebadilisha swali zima.

kabale_baridi
Basi sufuria ya presha, nashangaa hakuna aliyeitaja. Kuchemsha kwa kawaida kuna kikomo chake: Kampala, mita kama 1,200 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, huku kwetu Kabale, karibu mita 2,000, ni nyuzi 93. Ukichemsha dakika 20 kamili, ukihesabu tangu maji yaanze kutokota kwa nguvu, unaua bakteria wa kawaida, fangasi na virusi, lakini mbegu ngumu za bakteria zinabaki. Mvuke wa nyuzi 121 unazimaliza. Funga vifaa kwenye kitambaa cha pamba, viweke juu ya kigoda ndani ya sufuria visiguse maji, hesabu dakika 30 tangu kipimo kifike.

Nesi_Mbale
Kipimo kipi? Nyuzi 121 zinataka presha ya paundi 15 kwa inchi ya mraba ukiwa pwani. Kwa Kampala ongeza paundi 2 hivi. Sufuria nyingi za jikoni hazina geji ya kupimia presha, na nyingi za umeme hazifiki huko. Bila geji, ihesabu kama kuchemsha kuzuri tu. Na ukichemsha, kanuni ni moja: ukitupia kifaa kingine katikati, saa inaanza upya.

Akello_Gulu
Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, mmeisahau? Hospitali zote walikuwa wakitumbukiza kwenye Jik kwanza ndipo wanaosha. Sehemu 1 kwa 6 za maji, dakika 10.

fundi_makali
Kipimo chako ni sahihi kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, unapata asilimia 0.5. Taabu ni jinsi watu wanavyokitumia. Kuna koleo limeletwa kunolewa, la bei nzuri tu. Lililala usiku mzima kwenye Jik isiyopimwa, kopo moja na mkasi wa chuma cha kawaida ambao kromiamu yake imebanduka. Asubuhi likatolewa likiwa na madoa ya kahawia kuzunguka bawaba na vishimo kama ncha ya sindano kwenye makali. Sababu ni hii. Stenlesi haishiki kutu kwa kuwa ina utando mwembamba sana juu yake, ambao hujijenga upya ukipata hewa. Kloraidi, chumvi iliyomo kwenye Jik, inautoboa. Ndani ya bawaba hewa haifiki, kwa hiyo pale utando haurudi, na kutu inaanzia ndani ambako huoni. Metali mbili tofauti zikigusana kwenye maji yaleyale, iliyo dhaifu inaliwa haraka zaidi. Mwenye koleo alikuja baada ya kuona linagoma kufunguka.

Kutu ya juu inatoka kwa mswaki na soda ya kupikia iliyolowanishwa. Vishimo vya kwenye makali havitoki ila kwa kusaga chuma mpaka uvipite, na kila ukisaga mdomo unafupika. Hilo lilisagwa kwa jiwe la kunolea la namba 1000 upande wa nje tu, kufuata mlalo wake wa asili. Upande wa ndani unapitishwa bapa mara moja kuondoa ukingo uliojikunja. Mwisho wa yote, ukilishika mbele ya taa unaona mwanga katikati ya ncha zake. Koleo la hivyo halikati ngozi, linaivuta na kuichana. Kulijaribu ni rahisi: karatasi ya chooni iliyolowa, kata kwa ncha kabisa. Likiacha uzi, halifai kuguswa na mtu.

Kwa hiyo Jik, ukiitumia: dakika 10 kwa saa, suuza kwa maji mengi, kausha papo hapo bawaba ikiwa wazi, kisha tone moja la mafuta ya cherehani. Si mafuta ya kupikia, yanageuka gundi.

Nesi_Mbale
Na Akello, ule utaratibu wa kutumbukiza kabla ya kuosha umepitwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unaukataa: uchafu na damu vinaimaliza nguvu klorini, na chuma kinaliwa. Osha kwanza. Jik iliyochanganywa ni ya siku hiyohiyo, usitumie maji ya moto, na usiichanganye kamwe na siki wala limau, inatoa gesi ya klorini.

Akello_Gulu
Kwetu bado wanafanya hivyo na hakuna aliyekufa.

taa_na_waya
Utajuaje.

Ssali_J
Mimi nauliza kuhusu chuma. Nilisikia stenlesi halisi haivutwi na sumaku. Koleo langu linanata, nimeuziwa feki?

fundi_makali
Hapana. Stenlesi ya vyombo vya kukata lazima ipate ugumu, na hiyo inavutwa na sumaku. Ile isiyovutwa ni ya vijiko na masinki, haishiki makali. Sumaku haikwambii kitu hapa. Angalia kama rangi inabanduka kwenye kona.

kabale_baridi
Mmekwepa kijungu cha shanga.

taa_na_waya
Kinapata nyuzi 200 na zaidi, lakini katikati na pembeni joto si moja, na kinachozama ni ncha tu. Mpini na bawaba vinatoka kama vilivyoingia. Umeme ukikatika katikati huna njia ya kujua kama kilifika.

Sanyu_Ntinda
Na vichwa vya mashine? Na tupa?

fundi_makali
Kichwa kilichoziba jeli: loweka kwenye asetoni ndani ya kichupa cha kioo, dirisha wazi, mbali na sigiri, halafu piga kwa brashi ya shaba. Brashi ya chuma kigumu inang'oa chembe za almasi za vichwa vya almasi. Baada ya hapo sabuni, suuza, kausha, spiriti. Jik usiikaribishe kwenye vichwa vya kabaidi, ile metali ngumu ya kusagia, inakula kinachoshikilia chembe zake. Tupa ya msasa na sponji hazitakasiki kwa njia yoyote: andika jina la mtu kwa kalamu, au zitupwe. Nunua ya kioo, hiyo inaoshwa.

kikapu_Owino
Mngeacha kukata ngozi kabisa kazi yote hii isingekuwepo. Lowesha, sukuma, basi.

Ssali_J
Wateja wa Kampala bila kukatwa wanaona hujafanya kitu.

Nesi_Mbale
Kwa hili namuunga mkono kikapu_Owino. Ngozi ile ndiyo inayoziba njia kati ya kucha na nyama.

Sanyu_Ntinda
Kwa hiyo kisanduku nisinunue?

taa_na_waya
Mimi nisingenunua.

Akello_Gulu
Mimi ningenunua, ila kwa 80,000. Wateja wanapenda kuona taa.

kabale_baridi
Sufuria ya presha yenye geji. Nimesema.

mgeni_Jinja
Naingilia kidogo: jiwe la kusugulia visigino nalo linachemshwa?

Nesi_Mbale
Kuchemka linachemka, kukauka ndiyo kazi. Matundu yake yanabaki na maji na magamba ya ngozi kwa siku nzima au zaidi. Kila mtu na lake, na lianikwe juani.