Chama tawala kinapotaka kumwondoa kiongozi wake, wananchi huamua vipi wasimame upande gani?

Mdau wa Tukuyu ameuliza:

Wanajukwaa, salaam. Naomba tujadili jambo ambalo sisi wa Nyanda za Juu Kusini tumelishuhudia kwa karibu kuliko Watanzania wengi, kwa sababu Malawi ipo ng'ambo ya daraja la Songwe pale Kasumulu, Zambia ipo ng'ambo ya geti la Tunduma, na barabara inayopita hapo ndiyo iliyowachukua vijana wetu wengi kwenda Zimbabwe na Afrika Kusini kutafuta maisha.

Mwaka 2005 chama cha UDF cha Malawi kilijaribu kumwondoa madarakani Rais Bingu wa Mutharika, mtu ambaye chama hicho kilikuwa kimemnadi na kumwingiza Ikulu mwaka mmoja tu uliotangulia, na umma mkubwa ukamtetea Rais. Novemba 2017 ZANU-PF, chama tawala cha Zimbabwe, ikamwondoa Rais Robert Mugabe, na watu wa Harare wakajaa barabarani wakishangilia. Februari 2018 ANC, chama kilichokuwa kikitawala Afrika Kusini, ikamtaka Rais Jacob Zuma aondoke, na wengi nchini mwake wakasema chama kimechelewa.

Kitendo ni kimoja, mapokezi ni matatu tofauti. Je, ni nini kinachowafanya wananchi wamtetee kiongozi anayekataliwa na chama chake mahali pamoja, na mahali pengine washangilie kuanguka kwake? Tena, je, sauti yao hubadili lolote, au huwa wanatazama tu mchezo ambao matokeo yake yamekwisha kupangwa kikaoni? Nauliza kwa sababu kila tunapozungumzia habari hizi hapa kwetu, hujitokeza mtu wa kufunga mjadala kwa kusema kwamba hayo ni mambo ya ndani ya chama. Sioni jinsi jambo linalogusa kiti cha Mkuu wa Nchi linavyoweza kuwa la ndani ya chama peke yake.

Mfanyabiashara wa Kyela:

Ndugu yangu wa Tukuyu, nitajibu kuhusu Malawi tu, kwa kuwa ndiko ninakokujua. Ndugu zetu Wangonde wa Karonga tunasikilizana nao kwa lugha, na biashara ya mchele na mahindi imenipeleka kule mara nyingi.

Ili kuelewa kwa nini watu walisimama na Bingu, ni lazima uanze na Bakili Muluzi. Muluzi alitawala kuanzia 1994 hadi 2004, na mwaka 2002 wafuasi wake walijaribu kubadilisha Katiba ili aendelee kugombea, jaribio ambalo lilishindikana bungeni kwa kukosa kura chache. Aliposhindwa, akamchagua Bingu awe mgombea wa UDF, huku yeye akibaki mwenyekiti wa chama. Bingu alishinda Mei 2004 kwa takriban asilimia 36 ya kura, ushindi mwembamba, na kila mtu alidhani kwamba atakaa Ikulu huku amri zikitoka kwa mwenyekiti. Badala yake akaanza kuwafuatilia wakubwa wa chama kwa tuhuma za rushwa. Februari 2005 akajitoa UDF akisema kwamba chama kinapinga vita hivyo, kisha akaunda chama chake, DPP.

UDF nayo ikaanza safari ya kumng'oa kupitia Bunge. Ilimtuhumu kuvunja Katiba na kutumia fedha za umma kujenga chama kipya, na sitasema kwamba tuhuma hizo hazikustahili kuchunguzwa. Joto la bungeni lilikuwa kali mno: Juni 2005 Spika Rodwell Munyenyembe alianguka ndani ya ukumbi wakati wa mabishano hayo, na siku chache baadaye akafariki dunia akiwa kwenye matibabu Afrika Kusini.

Jambo ambalo wabunge hawakulipima ni hali ya tumbo la mwananchi. Mwaka huohuo mvua zilikuwa mbaya, mavuno ya mahindi yalianguka, na zaidi ya watu milioni 4 walihitaji msaada wa chakula. Mtu aliyekuwa akipanga foleni ya mahindi alisikia redioni kwamba Bunge linajadili utaratibu wa kumshtaki Rais, na akajiuliza ni nani anayeshughulikia njaa yake. Viongozi wa dini na asasi za kiraia walisema hadharani kwamba njaa ishughulikiwe kwanza. Mahakama nayo iliingilia kati, na mwanzoni mwa 2006 hoja ikaondolewa.

Kisha ikaja mbolea ya ruzuku. Kuanzia msimu wa 2005/06 Serikali ya Bingu iliwapa wakulima wadogo vocha za kununulia mbolea na mbegu kwa bei nafuu, na katika miaka miwili iliyofuata nchi ikavuna mahindi kupita mahitaji yake. Sisi tuliokuja kupata vocha za pembejeo huku kwetu miaka michache baadaye tunajua jambo hilo lina maana gani kwa mkulima mwenye ekari moja. Mei 2009 Bingu aliyekuwa na asilimia 36 akapata takriban asilimia 66, na Kaskazini yote, ambako si kwao, ilimpigia kura kwa wingi mkubwa. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba watu walitazama ni nani kati ya wagombanao wawili aliyekuwa akiwakumbuka, na walimkuta Rais.

Mwalimu mstaafu, Iringa:

Wanangu, mmekwenda mbali mkaacha mfano uliopo nyumbani. Mwishoni mwa Januari 1984, katika kikao cha Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM kilichofanyika Dodoma, Mzee Aboud Jumbe alijiuzulu nyadhifa zake zote: Urais wa Zanzibar, Makamu wa Rais wa Jamhuri ya Muungano na Makamu Mwenyekiti wa chama. Kiini cha ugomvi kilikuwa muundo wa Muungano, kwa maana Mzee Jumbe alikuwa akiandaa hoja ya kisheria iliyoelekea kwenye serikali tatu. Mzee Ali Hassan Mwinyi alishika nafasi yake, na mwaka uliofuata akawa Rais wa Jamhuri nzima.

Nilikuwa nafundisha shule ya msingi wakati huo, na habari tuliipata kwa redio, ikiwa imekwisha kuwa habari. Maneno tuliyopewa yalikuwa kwamba hali ya hewa ya kisiasa Zanzibar imechafuka. Tuliyajadili kwa sauti ya chini katika ofisi ya walimu, na mjadala ukaishia hapo. Nchi ilikuwa ya chama kimoja, na tangu 1975 Katiba yenyewe ilitamka kuwa chama ndicho chenye mamlaka ya juu. Ulikuwa ukiunga mkono au ukipinga, hapakuwa na mahali pa kupeleka neno lako.

Kwa hiyo, Mdau, unapouliza wananchi huchaguaje upande, tanguliza swali jingine: je, wanapewa muda na nafasi ya kuchagua? Wamalawi walikuwa na miezi kadhaa ya mjadala wa wazi, mahakama iliyoweza kusimamisha Bunge, na redio zaidi ya moja. Sisi tulikuwa na tangazo.

Mwana Tunduma:

Mzee wangu shikamoo, na nashukuru kwa kumbukumbu hiyo. Mimi nimeendesha malori katika njia ya kusini, nami naomba niongelee Zimbabwe, kwa sababu shangwe zile hunisumbua hadi leo.

Desemba 2016 mkutano wa ZANU-PF uliofanyika Masvingo ulimpitisha Mugabe kuwa mgombea wa uchaguzi wa 2018. Haikupita hata mwaka. Tarehe 6 Novemba 2017 Mugabe alimfukuza Makamu wake, Emmerson Mnangagwa. Usiku wa kuamkia tarehe 15 jeshi likashika hatamu. Tarehe 18 maelfu kwa maelfu waliandamana Harare, wengine wakipiga picha na askari juu ya vifaru. Tarehe 19 Kamati Kuu ya chama ikamvua uongozi. Alipohutubia taifa usiku huo bila kujiuzulu, watu walipigwa na butwaa. Tarehe 21, wakati Bunge limekwisha kuanza kumshtaki, Spika Jacob Mudenda alisoma barua ya kujiuzulu, na mji ukalipuka kwa furaha.

Siwalaumu waliofurahi. Miaka 37 ya mtawala mmoja, fedha iliyopoteza thamani, ndugu waliotawanyika katika nchi za watu. Furaha ile ilikuwa ya kweli kabisa. Ila ugomvi uliomwangusha Mugabe ulikuwa wa urithi wa kiti, kati ya kundi la mkewe na kundi la Mnangagwa, na wananchi waliitwa barabarani baada ya jeshi kumaliza kazi. Tarehe 1 Agosti 2018, siku mbili baada ya uchaguzi, askari wa jeshi lilelile waliwafyatulia risasi raia katika mitaa ya Harare na watu sita wakafa. Tume iliyoundwa kuchunguza mauaji hayo iliongozwa na Kgalema Motlanthe, ambaye mwenyewe alipata Urais wa Afrika Kusini mwaka 2008 baada ya ANC kumwondoa Thabo Mbeki, na ilieleza kwamba vifo vilitokana na vitendo vya jeshi na polisi.

Kwa hiyo mimi natofautiana kidogo na kaka wa Kyela. Watu wanaweza kuwa sahihi kabisa kuhusu yule anayeondoka, na wasiwe na neno lolote kuhusu yule anayeingia.

Mwana-CCM wa Njombe:

Naheshimu michango yote, lakini naona chama kinaonewa katika mjadala huu. Mgombea hatoki hewani. Hupitishwa na wajumbe, hutembezwa kwa nguvu na fedha za wanachama, na hunadi ilani ambayo si yake binafsi. Akiigeuka ilani hiyo, au akianza kuwaandama waliomweka, wanachama wana haki gani iliyobaki kama hawawezi kumwita na kumwambia basi? Mbeki alipoambiwa na Halmashauri Kuu ya ANC mnamo Septemba 2008 aondoke, hakuita jeshi wala hakukimbilia mahakamani kung'ang'ania kiti. Alilitangazia taifa kwamba anajiuzulu, akikumbusha kuwa amekuwa mwanachama mwaminifu kwa miaka 52. Huo ni utii wa chama ninaoutamani sana kwa viongozi wetu.

Mwanasheria, Mbeya Mjini:

Ndugu wa Njombe umegusa mahali penye kiini, ingawa nadhani mfano wako unathibitisha kinyume cha unachokitaka. Rais wa Afrika Kusini hachaguliwi na wananchi moja kwa moja. Huchaguliwa na Bunge, na Bunge hilo lilikuwa na wabunge wengi wa ANC. Kwa hiyo chama kilipomwita Mbeki kilikuwa kinafuta uteuzi ambao kimsingi ulikuwa wake. Hata hivyo, hakuna ibara inayoipa Halmashauri Kuu ya chama uwezo wa kumwondoa Rais. Mbeki angekataa, ingelazimika kura ya Bunge. Waliochukizwa wakaenda kuunda chama cha COPE, na katika uchaguzi wa 2009 kikapata asilimia 7 na ushee. Hapo ndipo sauti yao ilipopata mahali pa kwenda.

Suala la Zuma linafundisha zaidi. Aprili 2017, baada ya kumfukuza Waziri wa Fedha Pravin Gordhan, maandamano makubwa yalifanyika katika miji mingi kumtaka aondoke. Agosti mwaka huo Bunge lilipiga kura ya siri ya kutokuwa na imani naye: 177 walitaka aondoke, 198 wakamlinda. Umma ulikuwa umekwisha kusema, lakini chama kilimwondoa Februari 2018, miezi miwili baada ya Cyril Ramaphosa kushinda uongozi wa ANC kwa tofauti ya kura 179. Ukitazama kalenda hiyo utaona kwamba saa ya kuondoka kwake ilipangwa na mkutano mkuu wa chama, ilhali hasira ya wananchi ilikuwa imekwisha kupanda karibu mwaka mzima kabla.

Malawi ni tofauti, kwa maana Rais huchaguliwa na wapiga kura wenyewe, kama kwetu. Ndiyo maana UDF ililazimika kupita bungeni, na ndiyo maana mjadala ukachukua muda ambao Mzee wa Iringa ameutaja. Kwetu pia, ibara ya 46A inataka taarifa ya hoja ya kumshtaki Rais iungwe mkono na asilimia 20 ya wabunge wote walau siku 30 kabla, kisha kamati maalumu ya uchunguzi, na mwisho theluthi mbili ya wabunge wote. Huo ni utaratibu mzuri kwenye karatasi. Tatizo ninaloliona ni kwamba mbunge huyohuyo atakayepiga kura hupoteza kiti chake akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni. Chama kikimtaka Rais abaki, mbunge ataogopa kumwondoa. Kikitaka aende, ataogopa kumtetea. Mwananchi anayemtegemea mbunge wake ampelekee neno anakuta mlango umefungwa kwa ndani.

Mdau wa Tukuyu:

Nashukuru sana, hasa kwa Mzee wetu na kwa Mwanasheria. Ndugu wa Njombe, nakubali kwamba wanachama wana haki ya kumkataa mtu wao kama kiongozi wa chama. Siwezi kukubali kwamba haki hiyo inafika hadi kwenye kiti ambacho nami nilikipigia kura bila kuwa na kadi ya chama chochote. Swali moja limebaki kwa kaka wa Kyela: hao hao waliomtetea Bingu mwaka 2005, ilikuwaje mwaka 2011 wakamwandamania?

Mfanyabiashara wa Kyela:

Kaka, mafuta ya magari yalikosekana, fedha za kigeni zikakosekana, na watu wa Kaskazini wakachukizwa na mgawo mpya wa nafasi za vyuo vikuu. Tarehe 20 Julai 2011 watu waliandamana, polisi wakatumia risasi, na takriban watu 20 wakapoteza maisha, wakiwemo watu wa Mzuzu, katika Kaskazini ileile iliyompa kura. Wakati huo Bingu naye alikuwa ameshika rungu lile aliloshikiwa na UDF: chama chake, DPP, kilimfukuza uanachama Makamu wa Rais Joyce Banda mnamo Desemba 2010. Mama yule alikataa kuuachia umakamu, kwa hoja kwamba aliupata kwa kura za wananchi. Bingu alipofariki Aprili 2012, baadhi ya mawaziri walitaka kumpita, lakini Katiba ilikuwa wazi, na Joyce Banda akaapishwa tarehe 7 Aprili.