Miaka minne darasani, leo nimekabidhiwa MKIA

Wakuu, naandika mkono bado unanuka. Sijaoga, sijala, na sili mpaka nimeyatoa haya.

Yule mtu, mkufunzi wetu. Mnamjua. Kama umepita kozi yetu ya udaktari wa mifugo miaka ya karibuni unamjua: yule wa gambuti za njano na kalamu tatu mfukoni ambazo hakuna hata moja inayoandika. Jina silitaji, maana likitajwa hata kwenye simu anatokea mlangoni.

Ratiba inasema "mafunzo kwa vitendo: huduma ya dharura kwa wanyama". Haya. Leo asubuhi imepigwa simu, ng'ombe wa mzee mmoja kakata kamba alfajiri kaingia shamba la lusini, yale majani ya malisho, lina umande, kala mpaka kavimba ubavu kama ngoma. Tumepakiwa watu 34 kwenye kipanya cha watu 14. Mimi nimekalia ndoo. Ndoo ina maji. Lakini moyo kwatu, kwa sababu kuvimba tumbo ndicho kitu nakijua mpaka usingizini: msimamishe mnyama, kichwa kiwe juu, pitisha mpira mdomoni mpaka tumboni, gesi ikitoka umeshinda; ukikuta ni povu, mimina mafuta ya kula. Akianza kuyumba ulimi nje, hapo hakuna tena kubembelezana, ni trokari, kile chuma chenye ncha cha kutobolea tumbo gesi itoke, upande wa KUSHOTO, pale panapobonyea kati ya ubavu wa mwisho na nyonga. Nizime taa nikuonyeshe.

Tumefika. Mnyama anahema mdomo wazi, macho yamemtoka. Mimi glovu tayari, mpira mkononi, hatua ya kwanza mbele. Yule mtu akaupokea mpira kama anampokonya mtoto wembe, akanishusha akanipandisha kwa macho, akasema: "Wewe shika mkia."

SHIKA MKIA.

Miaka minne. Anatomia ya farasi nimesoma, farasi mwenyewe sijawahi kumwona akipita mtaani kwetu. Usiku wa mitihani nimekunywa kahawa ya kutosha kuamsha kijiji. Mkia.

Na hapo bado. Mzee mwenye ng'ombe, kwa ustaarabu wake, akauliza, "Na huyu dokta wa huku nyuma, naye atamwona mnyama wangu?" Yule mtu hata hakugeuka. "Huyu? Huyu si dokta, mzee wangu. Huyu mshika mkia."

Watu 33 wakacheka. Mzee akacheka. Dereva, aliyekuwa amelala, akaamka akacheka. Naapa ng'ombe mwenyewe, na kuvimba kwake kote, aligeuza shingo aone huyo mshika mkia ni nani.

Dakika 40 nimeshika mkia. Mpira kaingiza yeye, mafuta kamimina yeye, tumbo kagonga yeye, maelezo kayatoa akiwa ametupa mgongo. Nikiulizwa kwenye mtihani nitauchora huo mgongo. Mafunzo kwa vitendo, sawa, vitendo vyake.

Gesi ilipotoka, ng'ombe akapata nafuu, akashukuru. Mnajua ng'ombe anashukuru kwa upande gani. Upande huo alikuwepo nani?

Na asije mtu kuniambia "jifunzie kwa mdoli". Mdoli yupo mmoja, mbwa wa mpira, mbavu za upande mmoja zilishazama zamani. Mbwa moyo ukisimama anatakiwa kukandamizwa kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mimi nilifika ya nne nikasikia "anayefuata!" Kwa hiyo mbwa wako akizimika niletee, nitamkandamiza mara nne kisha nimpe jirani yako aendelee.

Mshika mkia. Mbele ya mzee wa watu.

---

Kiti cha Mbele: Nimeshakaa. Karanga ziko wapi?

Fundi Bomba: Mkia ulikuwa na urefu gani, mkuu? Uzi bila picha ni porojo.

Mtoto wa Josho: Wasimamizi, mbadilishieni mleta mada jina, aitwe Mshika Mkia. Hili alilonalo halimkai tena.

Mzee wa Mnadani: Kijana, pole, ila umejianika. Mkia ukiunyanyua wima kuanzia shinani, ng'ombe anasahau kupiga teke, kwa hiyo mwenye mpira alikuwa salama kwa sababu yako. La pili, chini ya mkia, karibu na shina, kuna mshipa. Ndipo tunapompimia ng'ombe mapigo ya moyo, 60 mpaka 80 hivi kwa dakika akiwa mzima. Dakika 40 ulikuwa na kipimo mkononi kwenye dharura. Yalikuwa mangapi?

Mleta mada: Shikamoo mzee. Sikuhesabu. Lakini hiyo siyo hoja!

Mtoto wa Josho: Hahahaaa! HAKUHESABU. Kumbe yule mtu alikuonea huruma, ilibidi ubaki kwenye ndoo.

Kiti cha Mbele: Uzi ungeishia hapa mngenikosea. Endeleeni.

Kisu Butu: Mimi namtetea mleta mada, yule mtu nimemaliza naye. Tena wewe una bahati, umegusa mnyama. Sisi tuliitiwa ng'ombe ameshindwa kuzaa, ndama katanguliza kichwa na mguu mmoja, mwingine umekunjika nyuma. Ndama wa hivyo humvuti kwa nguvu, unamsukuma kwanza arudi ndani upate nafasi ya kuunyoosha ule mguu. Nimeyajua wapi? Kwenye daftari. Siku yenyewe nilipewa tochi. Saa saba mchana, uwanjani. Nimelimulika jua mpaka betri zikaisha.

Fundi Bomba: Tochi mchana! Jamani yule mtu apewe maua yake.

Nesi wa Zamu: Nyie mgonjwa wenu hasemi. Mimi siku ya kwanza wodini bibi mmoja alinitazama, akaivuta shuka mpaka kidevuni, akawaambia ndugu zake, "Huyu mtoto kapotea, mrudisheni kwao." Sindano nimeshaivuta! Msimamizi wangu akacheka akaenda kunywa chai. Mkia ningeushika kwa mikono miwili.

Mleta mada: Dada pole, lakini wewe hukuitwa mshika mkia mbele ya watu 33.

Nesi wa Zamu: Niliitwa mtoto aliyepotea mbele ya ukoo.

Mama Mitamba: Mimi mfugaji. Naona wasomi mnalia, na mimi nilie wapi? Mtaalamu wangu simu haipatikani mwezi wa pili huu, nadhani naye kaenda kushika mkia. Ng'ombe wangu kavimba saa nane usiku. Nimemsimamisha kichwa kikiangalia mlimani, nikamnywesha nusu lita ya alizeti taratibu asipaliwe, nikawa natembea naye uani na kanga moja mpaka adhana ya alfajiri. Kapona. Ila ndiyo yalikuwa mafuta ya mwisho ndani, watoto wamekula mchicha chukuchuku wiki nzima, na baba yao ananuna kama nimeuza kiwanja.

Kisu Butu: Mama, wewe ndiye ungetufundisha.

Fundi Bomba: Alizeti unanunua bei gani huko, mama? Hapa kwetu dumu wanataka figo.

Mzigo wa Singida: Alizeti safi kutoka Singida, madumu ya lita 20, natuma na basi. Njooni inboksi.

Mama Mitamba: Ni wewe! Dumu ulilonitumia nimelipima kwa kikombe, lita 18.

Mzigo wa Singida: Mama, ule ulikuwa mzigo wa mwaka jana.

Mleta mada: Wakuu, turudi kwenye mada tafadhali.

Mtoto wa Josho: Mshika Mkia subiri kwanza, hapa kuna dharura ya mafuta.

Mama Mitamba: Na hela yangu uliyokula ilikuwa ya mwaka gani?

Mleta mada: Mzee wa Mnadani, samahani, upo? Huo mshipa unaubonyeza kwa kidole kipi?

Fundi Bomba: Mimi langu lilikuwa na 17. Na mfuniko haukuwa wake.