Mjadala: Frank Johnson alikuwa mtunzi, au mpigaji tu wa karamu za matajiri?

Wakuu, kila anapotajwa Francis (Frank) Johnson wa Philadelphia, Marekani, mpiga fidla na tarumbeta aliyezaliwa 1792 na kufariki 1844, hoja ni ile ile: tusimkuze, maana alitunga dansi nyepesi za kuchangamsha karamu za Wazungu wenye mali huku weusi wenzake zaidi ya milioni wakiwa utumwani. Sikubaliani hata kidogo.

Tuanze na huo wepesi. Watu wanafungua mkusanyiko wake wa dansi wa 1818, uliomfanya awe Mmarekani mweusi wa kwanza kuchapishiwa muziki, wanakuta mistari michache ya piano, wanahukumu. Zile karatasi ziliuzwa kwa watu wa kujipigia nyumbani! Ukumbini mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1819 Robert Waln, mwandishi wa huko huko Philadelphia, alimkejeli kwamba ana kipaji cha ajabu cha kuuvuruga wimbo mzuri wa hisia mpaka ukawa dansi ya kurukaruka. Isomeni tena kejeli hiyo. Mtu anachukua wimbo ambao kila mmoja anaujua, anaugeuza mapigo, na jiji zima linamgombania aje kupiga kwake. Kama huo si utunzi, basi sijui tunatafuta nini. Karne moja baadaye wanamuziki wa jazi wa Marekani walisifiwa dunia nzima kwa kufanya hivyo hivyo.

Halafu wanasema alinyamaza. Wapi? Mwaka 1825 alitunga machi ya kuadhimisha kutambuliwa kwa uhuru wa Haiti, nchi ambayo Marekani yenyewe haikuitambua hadi 1862. Baadaye akalitia muziki shairi la Sarah Forten, binti wa familia ya weusi huru wa Philadelphia, kuhusu kaburi la mtumwa. Riziki yake ilitoka kwa wale wale matajiri, na bado aliweka jina lake kwenye nyimbo hizo. Mwaka 1843, huko Allegheny karibu na Pittsburgh, genge la Wazungu liliishambulia bendi yake ya weusi baada ya onyesho. Mtu wa namna hiyo tunamwitaje kibaraka wa matajiri?

Safari ya 1837, alipoipeleka bendi yake kupiga Uingereza, siigusi, hiyo haina ubishi.

Anayeshikilia kwamba hastahili kufundishwa vyuoni pamoja na watunzi wakubwa wa Marekani ya wakati ule, aje na jina la anayemzidi, na aseme kwa lipi.