MREJESHO: Maneno ya kutafutwa Google kwa tovuti yangu ya makochi

Wakuu narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini tovuti yangu ya makochi hapa Dar haionekani Google wakati kila ukurasa nimejaza "samani bora Tanzania", mkaniambia niache kubuni maneno kichwani niangalie watu wanaandika nini. Basi nikafungua Search Console (chombo cha Google cha wenye tovuti), ile sehemu inayoonyesha maneno watu waliyoandika tovuti yangu ikatokea, hata kama ni chini kabisa, aisee hakuna hata mmoja aliyeandika samani! Wanaandika "sofa za L bei", "makochi ya kisasa na bei zake", "kitanda 5 kwa 6 bei gani". Bei kila mahali, na mimi bei zote nimeficha nimeweka "piga simu". Nikawa pia naandika "sofa za" pale Google bila kubonyeza kutafuta, nanakili yale inayopendekeza yenyewe. Nikatenga ukurasa wa sofa za L tu, bei na vipimo wazi. Imechukua kama wiki sita, nilikaribia kukata tamaa, ila jana mama mmoja wa Mbagala kapiga akataja bei ileile aliyoisoma pale. Yule aliyesema nisigombanie neno moja pana kama "samani", Mungu akubariki sana. Vitanda naanza wiki hii.